Rekodi za joto la kila siku Tabora: namna ya kuandaa jedwali la Septemba na Oktoba

Ikifika mwishoni mwa Septemba, maneno ni yale yale kuanzia stendi mpaka sokoni: joto la mwaka huu halijawahi kutokea. Inawezekana ni kweli. Wa kuamua ni jedwali lenye mistari 61, mmoja kwa kila tarehe kuanzia 1 Septemba hadi 31 Oktoba, linaloonyesha joto kubwa na joto dogo kabisa kuwahi kupimwa tarehe hiyo, na mwaka lilipopimwa. Hapa tunaeleza namna ya kuliandaa kwa mji wa Tabora. Mtu wa Kigoma atalitumia vilevile akibadilisha mambo machache, nayo tumeyaeleza mbele.

Kwa nini miezi hii miwili? Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 8 Machi na tena karibu na tarehe 6 Oktoba. Machi linakuta mawingu, ardhi imelowa na majani ni mabichi. Oktoba linakuta anga jeupe, udongo mkavu na miti mingi ya miombo iliyopukutisha majani, kwa sababu mvua za huku ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Wastani wa joto la juu la mchana mwezi Oktoba unazunguka nyuzi 32 za Selsiasi. Mvua ikichelewa wiki mbili, hizo ndizo wiki za rekodi.

Wastani husamehe, rekodi haisamehe

Shika jambo hili kabla hujagusa kompyuta, kwani kazi yote inalizunguka. Tuseme una miaka 30 ya takwimu za tarehe 12 Oktoba, na karani mmoja alinakili 43.1 badala ya 34.1. Wastani wa tarehe hiyo utapanda kwa nyuzi 0.3 tu, na hakuna atakayeshtuka. Ila kwenye jedwali la rekodi, hiyo 43.1 ndiyo itakayoshinda, na itakaa hapo miaka hamsini. Unapotafuta namba kubwa kuliko zote, unatafuta pia kosa kubwa kuliko yote.

Mfano mkubwa wa duniani ulitokea Septemba hiyo hiyo tunayoizungumzia. Tarehe 13 Septemba 1922 kituo cha El Azizia, Libya, kiliandika nyuzi 58.0, na kwa miaka 90 namba hiyo ikahesabiwa kuwa joto kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) liliikataa. Uchunguzi ulionyesha kwamba msomaji alikuwa mgeni wa kazi, akitumia kipimajoto cha umbo la U chenye vijiti vidogo ndani ya bomba, na yaelekea alisoma ncha ya juu ya kijiti badala ya ncha ya chini. Kosa lilikuwa karibu nyuzi 7. Rekodi ikarudi Death Valley, Marekani: nyuzi 56.7, tarehe 10 Julai 1913. Vipimajoto vya umbo hilo bado vinauzwa, na vinasomwa vibaya vilevile.

Rekodi nne kwa kila tarehe

Wengi huweka mbili tu. Weka nne: joto la juu lililo kubwa kuliko yote (mchana mkali kabisa), joto la juu lililo dogo kuliko yote (mchana uliopoa kabisa), joto la chini lililo dogo kuliko yote (alfajiri ya baridi kabisa) na joto la chini lililo kubwa kuliko yote (usiku uliokataa kupoa). Hiyo ya nne ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo inayowagusa watu zaidi, kwa kuwa usiku wenye joto ndio unaomnyima mtu usingizi chini ya bati. Hiyo ya pili itaangukia zaidi mwishoni mwa Oktoba, siku ambayo mvua ya kwanza iliwahi na mawingu yakakaa kutwa.

Kupata takwimu

Chanzo cha kwanza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Andika barua ukitaja kituo, kipindi, vipimo unavyotaka na muundo wa faili. Usiandike "naomba takwimu za hali ya hewa Tabora". Utapewa wastani wa mwezi, nao kwa kazi hii haufai kitu. Andika: "joto la juu na joto la chini la kila siku, Septemba na Oktoba, kwa miaka yote iliyopo, pamoja na mvua ya kila siku." Mvua utaihitaji wakati wa kusafisha. Uliza gharama kabla; mwanafunzi aambatanishe barua ya chuo. Uliza pia maswali mawili yasiyo ya namba: kituo kiliwahi kuhama, na vifaa vilibadilishwa lini? Kituo kikihama kutoka penye miti na nyumba kwenda penye uwazi, joto la chini linaweza kubadilika hata kama hali ya hewa haijabadilika.

Chanzo cha pili ni hifadhi za kimataifa zinazotunzwa na NOAA, mamlaka ya bahari na anga ya Marekani, ambazo mtu yeyote anapakua bure. Vituo hutafutwa kwa namba: Tabora ni 63832 na Kigoma ni 63801. Kwa alama za viwanja vya ndege, Tabora ni HTTB na Kigoma ni HTKA. Kuna mafaili ya aina mbili, GHCN-Daily na GSOD, na kila moja lina mtego wake.

GHCN-Daily huandika joto kwa sehemu ya kumi ya Selsiasi: 334 maana yake 33.4. Palipokosekana kipimo utakuta -9999. Ukiiacha humo, kila rekodi ya baridi ya Tabora itasomeka nyuzi hasi elfu moja kasoro kidogo, na hilo angalau utaliona.

GSOD inatumia Farenhaiti, na pengo ni 9999.9. Kokotoa hivi: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9, kisha zungusha hadi desimali moja (33.99 iwe 34.0). Angalia pia kama namba zinajirudia katika mpangilio huu: 87.8, 89.6, 91.4, 93.2, 95.0. Hizo ni 31, 32, 33, 34 na 35 kamili za Selsiasi, maana yake faili limejengwa kutokana na taarifa za uwanja wa ndege zilizokwisha kuzungushwa hadi nyuzi nzima. Usizichanganye na takwimu zenye desimali bila kuweka alama, kwa sababu 34 ya humo inaweza kuwa 33.6 au 34.4, na rekodi nyingi huvunjwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. GSOD pia huweka kinyota pembeni ya joto la juu au la chini ambalo halikusomwa kwenye kipimajoto cha juu au cha chini, bali limechaguliwa kati ya vipimo vya saa. Namba yenye kinyota inaweza kuwa pungufu ya joto halisi la mchana, kwani kilele hakilazimiki kungoja saa kamili.

Vitabu vya zamani vya usajili, ukibahatika kuvifikia, hubeba historia ya huduma yenyewe. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianza 1929 wakati wa Waingereza, Jumuiya ikavunjika 1977, na TMA ikaundwa 1999. Kila kipindi kina mwandiko wake na fomu zake, na cha zamani kina Farenhaiti. Nakili namba kama ilivyoandikwa, na ukokotoe kwenye safu ya pembeni. Anayekokotoa kichwani huku ananakili hana tena pa kurudi pindi shaka ikitokea. Piga pia picha ya kila ukurasa.

Siku inaanza saa ngapi?

Hapa ndipo majedwali mengi huharibikia, na kosa lake halionekani kwa macho.

Vituo vingi husoma vipimajoto saa 3 asubuhi, ambayo ni saa 06:00 ya saa za dunia (UTC). Kipimajoto cha juu kinachosomwa saa 3 asubuhi ya tarehe 10 kimebeba joto la mchana wa tarehe 9, kwa hiyo namba hiyo ni ya tarehe 9. Kipimajoto cha chini kinachosomwa dakika hiyo hiyo kimebeba alfajiri ya leo, kwa hiyo ni cha tarehe 10. Baadhi ya wasomaji hurudisha joto la juu nyuma siku moja, wengine huliandika kwenye mstari wa leo. Ukiunganisha vipindi viwili vya namna hiyo bila kujua, rekodi nyingi za joto la juu zitakuwa zimekaa tarehe isiyo yake.

Njia ya kugundua ni kutumia mvua. Tafuta siku za Oktoba zilizopata mvua kubwa ya mchana baada ya ukame mrefu, kisha tazama joto la juu liliposhuka. Kumbuka kwamba mvua nayo, ikipimwa saa 3 asubuhi, ilinyesha jana yake. Panga matukio kumi ya namna hiyo kwa kila kipindi cha miaka. Kama kushuka kwa joto kunakuja mara kwa mara siku moja baada ya mvua yenyewe, joto la juu la kipindi hicho chote lisogeze nyuma kwa siku moja. Tukio moja halitoshi, maana mawingu nayo yana mambo yake.

Faili linalohesabu siku kwa UTC huanza siku yake saa 9 usiku ya kwetu. Kwa Tabora hiyo si shida kubwa. Jua linachomoza kati ya saa 12 na dakika 20 hivi na saa moja kasoro asubuhi katika miezi hii, kwa hiyo baridi ya alfajiri inaangukia mwanzoni mwa siku hiyo na kilele cha saa 9 alasiri kinaangukia katikati. Tatizo ni pale kituo kilipotuma taarifa za mchana peke yake. Hapo "joto la chini" la siku linakuwa la saa 3 asubuhi, jua limeshapanda. Ukiona Septemba nzima ya mwaka fulani ina alfajiri za nyuzi 23 na 24 wakati miaka jirani ina 16 na 17, usitangaze usiku wa joto la kutisha. Hesabu kwanza taarifa zilikuwa ngapi kwa siku. GSOD huonyesha idadi hiyo. Zikipungua nane, joto la chini liwekee alama ya mashaka.

Kusafisha

Tengeneza karatasi ya Ekseli iitwayo Takwimu, yenye safu hizi: A mwaka, B mwezi, C siku, D joto la juu, E joto la chini, F alama ya joto la juu, G alama ya joto la chini, H maoni. Miaka 30 itakupa mistari 1,830. Alama ni tatu: S kwa safi, M kwa mashaka, K kwa kosa. Weka alama mbili tofauti, kwa kuwa siku moja inaweza kuwa na mchana mbovu na alfajiri safi. Usifute namba yoyote. Namba mbaya inapewa K na sababu yake kwenye H, basi.

Anza na makosa yasiyohitaji ubishi: joto la chini kubwa kuliko la juu, au joto la juu dogo kuliko kipimo cha saa 9 alasiri cha siku hiyo hiyo. Kisha panga safu ya D kutoka kubwa kwenda ndogo na uzitazame namba hamsini za juu moja baada ya nyingine, kwa macho. Fanya hivyo hivyo kwa zile hamsini za chini, halafu rudia kwa E. Namba hizi mia mbili ndizo za hatari zaidi kwa jedwali, kwa hiyo ndizo zinazostahili muda wako kwanza. Nyingine elfu tatu na ushee zikiwa na kosa la nusu nyuzi, nyingi hazitaharibu kitu.

Kwa kila moja jiulize: jana na kesho yake zilikuwaje? Septemba ya Tabora ni tulivu. Mchana unafuatana na mchana kwa tofauti ya nyuzi moja au mbili. Joto likiruka zaidi ya nyuzi 5 kwa siku moja na kurudi kesho yake, bila mvua wala mawingu ya kulieleza, lipe M papo hapo. Kosa la nyuzi 5 au 10 kamili ni la kusoma mstari usio wake kwenye kipimajoto. Tofauti ya nyuzi 9 kamili, kama 34.1 na 43.1, mara nyingi ni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Joto la juu likiwa lile lile siku tano mfululizo, au likipanda tu bila kushuka wiki nzima, kipimajoto hakikuwa kinakung'utwa baada ya kusomwa: kinabaki kwenye kilele cha zamani mpaka siku yenye joto zaidi ikisukume. Na ukiona mwezi mzima umejaa .0 na .5, msomaji alikuwa anakadiria. Namba zake zinafaa kwa wastani, lakini kwenye rekodi zibaki na M.

Kuna ugonjwa mmoja wa kifaa unaozaa baridi ya uongo. Kipimajoto cha chini hutumia spiriti, na joto la miezi hii huifanya sehemu ya spiriti kugeuka mvuke na kukusanyika kama tone kwenye ncha ya juu ya bomba. Tone hilo limepungua kwenye safu, kwa hiyo kifaa kinasoma chini ya ukweli kila siku, mpaka mtu alione. Dalili yake ni joto la chini linaloshuka ghafla kwa nyuzi moja au mbili na kubaki chini kwa wiki kadhaa, wakati joto la juu halijabadilika. Siku hizo zote ni M.

Mwisho linganisha na jirani. Ukipata takwimu za kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, nje kidogo ya mji, ni bora kuliko chochote. Urambo na Nzega zinafaa. Kigoma usiitumie kuihukumu Tabora. Huko ziwa linatawala.

Kutoa rekodi

Fungua karatasi ya pili, Rekodi: A mwezi, B siku, kuanzia mstari wa 2. Kwenye C2 andika:

=MAXIFS(Takwimu!D:D,Takwimu!B:B,A2,Takwimu!C:C,B2,Takwimu!F:F,"S")

Buruta hadi mstari wa 62. Joto la juu lililo dogo ni fomula hiyo hiyo ukiweka MINIFS. Kwa joto la chini badilisha D:D kuwa E:E na F:F kuwa G:G. Inafanya kazi kwenye Ekseli ya 2019 na kuendelea, na kwenye LibreOffice. Ikikataa, jaribu kubadilisha mikato kuwa nukta mkato. Inategemea mipangilio ya kompyuta. Palipokosekana kipimo paache patupu. Ukijaza sifuri, MINIFS itaamini kwamba Tabora iliganda.

Mwaka wa rekodi, kwenye Ekseli mpya:

=TEXTJOIN(", ",TRUE,FILTER(Takwimu!A:A,(Takwimu!B:B=A2)*(Takwimu!C:C=B2)*(Takwimu!D:D=C2)*(Takwimu!F:F="S")))

Itataja miaka yote iliyofikia namba hiyo. Ndiyo sababu ya kuzungusha hadi desimali moja mapema: 34.0 iliyotoka kwenye Farenhaiti bila kuzungushwa inaweza kuwa 33.99999, na miaka miwili iliyolingana ikaonekana mmoja kampita mwenzake. Rekodi iliyofikiwa bila kupitwa iandikwe pamoja na miaka yote, wa karibuni ukitangulia.

Kuna wanaotumia namba ya siku katika mwaka badala ya tarehe. Usifuate. Tarehe 1 Septemba ni siku ya 244 mwaka wa kawaida na ya 245 mwaka mrefu, kwa hiyo jedwali zima litayumba kila baada ya miaka minne.

Ongeza safu ya idadi ya miaka yenye namba safi kwa kila tarehe:

=COUNTIFS(Takwimu!B:B,A2,Takwimu!C:C,B2,Takwimu!F:F,"S",Takwimu!D:D,"<>")

Safu hii ichapishwe pamoja na rekodi, isifichwe. Rekodi ya miaka 12 na rekodi ya miaka 50 si kitu kimoja. Kama hali ya hewa isingekuwa inabadilika, tarehe yenye miaka 30 nyuma yake ingekuwa na nafasi moja kati ya 31 ya kuvunjwa mwaka unaofuata. Kwa tarehe 61, msimu wa kawaida ungevunja rekodi kama mbili za joto la juu. Kwa hiyo rekodi mbili mpya si habari. Hata sita zinaweza kutokea ndani ya wiki moja, maana siku za joto hufuatana. La kutazama ni uwiano: kwa miaka kumi ya mwisho, rekodi za usiku wa joto ni ngapi ukilinganisha na za alfajiri ya baridi? Hapo ongezeko la joto huonekana mapema na bila kuyumbishwa sana na bahati ya siku moja moja.

Ukitaka pia wastani wa mwezi pembeni, fuata kanuni ya WMO: mwezi wenye siku 11 au zaidi zilizokosekana, au 5 mfululizo, usiuhesabu. Kipindi cha kulinganishia ni 1991 hadi 2020.

Kuliendeleza kwa kipimo chako

Shule, kikundi cha wakulima au mtu binafsi anaweza kupima mwenyewe, ila namba zake zikae kwenye safu yake, zisichanganywe na za uwanja wa ndege.

Kipimajoto kikae kivulini penye hewa, mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi, mita 1.5 ni nzuri. Kisanduku kiwe cheupe, chenye kuta za vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari, tabaka mbili, na paa mbili zenye nafasi kati yake. Mninga unavumilia mchwa na jua, ingawa kuupaka rangi nyeupe ni kuuonea. Mbao ya bei nafuu ikipakwa rangi ya mafuta mara mbili inatosha. Kwa kitambuzi kidogo cha kidijitali panga visahani vyeupe vya plastiki vinane, kimoja juu ya kingine, vikitenganishwa kwa sentimita 2, vile vya kati vikiwa vimetobolewa ili kitambuzi kining'inie ndani. Vumbi jekundu la Septemba hugeuza weupe kuwa kahawia, na kahawia hunywa jua. Futa kila wiki.

Umbali kutoka kwenye nyumba au mwembe uwe angalau mara mbili ya urefu wake: mwembe wa mita 10, mita 20. Chini pawe na nyasi fupi, hata zikikauka, pasiwe saruji wala lami. Ukutani chini ya bati ni mahali pa kupimia bati. Mlango unaelekea upande usio na jua. Kwetu jua la saa sita liko kaskazini mpaka mwanzoni mwa Oktoba, kisha linahamia kusini, hivyo kisanduku kizuri kina milango miwili. Chenye mmoja kifungue, soma, funga, bila kupumulia kifaa.

Kipime kifaa kwa barafu kabla ya msimu na baada yake. Ponda barafu ndogo ndogo, jaza chupa ya chai, ongeza maji yaliyotoneshwa (yale safi ya kuongezea kwenye betri, si asidi) mpaka yajaze mianya bila barafu kuelea. Ingiza kipimajoto katikati kisiguse kuta wala kitako, koroga polepole, subiri dakika 15. Kinatakiwa kusoma 0.0. Kikisoma 0.6, toa 0.6 kwenye kila kipimo na uandike hivyo kwenye maoni. Kikipita nyuzi 1, nunua kingine. Maji yanayochemka usiyatumie kukipimia: Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 96, utadhani kifaa kibovu kumbe ni mwinuko.

Soma saa 3 asubuhi kila siku, jicho likiwa sawa na usawa wa zebaki. Ukitazama kutoka juu au kutoka chini utasoma vibaya. Kwa kipimajoto cha umbo la U, soma ncha ya chini ya kijiti, ile inayogusa zebaki, pande zote mbili. Upande wa joto la chini namba zinaongezeka kuelekea chini, kwa hiyo soma pole pole. Kisha rudisha vijiti mpaka viguse zebaki na uhakikishe pande zote zinasoma joto moja. Kauntabuku iwe na tarehe, saa uliyosoma, juu, chini, joto la sasa, mvua, mawingu na jina la msomaji. Usiposoma siku mbili, andika "siku mbili pamoja" na uache patupu. Usigawe.

Kwa Kigoma

Ziwa Tanganyika lina uso wa takriban mita 770, kwa hiyo Kigoma iko chini kuliko Tabora, lakini maji huzuia mchana kupanda sana na usiku kushuka sana. Namba zinabanana, na tofauti ya nyuzi 0.3 inaweza kutenganisha miaka mitatu. Takwimu za nyuzi nzima hazifai kabisa huko. Kizingiti cha kuruka kwa siku moja kishushe kutoka nyuzi 5 hadi 4. Kituo cha bandarini, cha Ujiji na cha uwanja wa ndege visiunganishwe kuwa kimoja, maana upepo wa ziwani haufiki kote saa moja. Wa Kigoma wana bahati yao: Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kiko huko huko, na kumuuliza aliyesomea usomaji wa vipimajoto si safari.

Siku rekodi inapovunjwa

Piga picha ya kifaa kabla ya kukirudisha, namba na kijiti vikionekana, na picha nyingine ya kisanduku kilivyo siku hiyo. Andika joto la saa 9 alasiri, upepo, na kama kulikuwa na moto wa majani karibu. Oktoba mashamba yanachomwa, na upepo mdogo unaweza kuleta hewa ya moto kisandukuni. Linganisha na jirani jioni hiyo. Kama rekodi ya zamani imepitwa kwa nusu nyuzi au chini yake, rudia kipimo cha barafu ndani ya wiki. Hadi hapo mstari unabaki na M.

Ukiridhika, weka S na fomula itafanya yake. Rekodi ya zamani usiifute. Ihamishie safu ya pembeni pamoja na mwaka wake. Mpya ikikataliwa baadaye, hiyo ndiyo itakayorudi.